Daktari Amekataza Viazi

Kilichomponza Fundi ni viazi. Angeishia kwenye ndoo za maji, mama mkwe wake asingesema neno. Lakini raha ya kukaa ikishamnogea mtu mwenye mimba ya kwanza na miguu iliyovimba, kuinuka si mchezo, na ulimi nao unaanza kujiendea wenyewe.

Alianza na ukweli mtupu. Siku aliyotoka kupigwa picha ya tumbo hospitalini, alijitupa kwenye kochi la mteja pale sebuleni. Nyumba yao ilijaa makochi ya wateja, maana mumewe alikuwa fundi wa makochi, na karakana ikijaa, yanayozidi yanahamia ndani. Mtaa mzima ulimwita Sponji. Fundi mwenyewe alikuwa mshona nguo, cherehani yake iko dirishani. Kwa hiyo vyumba viwili vilikuwa na mafundi wawili, vipande vya vitambaa kila kona, na mama mkwe mmoja ambaye hawezi kuweka sufuria chini bila kuhamisha mkasi.

"Mtoto mzima," Fundi aliwaambia. "Shida ni kondo la nyuma. Limekaa chini, limeziba mlango anaotakiwa kupitia mtoto."

"Kwani lilitakiwa likae wapi, kichwani?" mama mkwe akauliza.

"Juu kidogo, Mama. Daktari amesema kwa wengi linapanda lenyewe tumbo likikua. Lisipopanda, nitapasuliwa."

"Kupasuliwa! Mimi nimezaa saba, wote nyumbani. Huyu mumeo nilimzaa maharage yakiwa jikoni, na hayakuungua."

Sponji akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepewa shukrani asizostahili. "Kwa hiyo wamesemaje?"

"Nisibebe ndoo, nisifanye kazi nzito. Nisisafiri mbali na hospitali. Mtu asinipime kwa vidole huko chini. Tone la damu likitoka, hata kama siumwi popote, niende hapo hapo. Na tutafute watu wawili wa kutoa damu, wakae wakijua." Akapunguza sauti. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele yake kabisa. "Na mimi na wewe tusi... tulale tu."

"Tulale tu vipi?"

"Tulale. Kama ndugu."

Mama mkwe akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Sponji akatazama dari, akatazama sakafu, mwisho akaona afadhali atazame mguu wa kochi. "Watu wa damu niachie mimi," akasema. "Hao wapo."

Ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza, na siku hiyo kila neno lilikuwa la daktari.

Siku ya pili Sponji akaja na matofali. Kwa akili yake ya kifundi, kitu kilichoshuka kinainuliwa. Kochi likilala upande mmoja, unapandisha miguu, kwisha kazi. Akapandisha kitanda upande wa miguuni, tofali juu ya tofali, na Fundi akalala kichwa chini miguu juu kama nguo iliyoanikwa vibaya. Usiku kucha anateleza kuelekea ukutani. Asubuhi uso umevimba, na alama ya rangi ya ukuta iko utosini.

"Limepanda?" Sponji akamuuliza kwa matumaini.

"Kilichopanda ni chai ya jana."

Alipomweleza nesi wa kliniki, nesi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Mwambie mzee kondo limejishika kwenye ukuta wa kizazi. Haliteremki kama shuka, wala halipandi kwa matofali." Matofali yakarudi nje, na Sponji akawa na uso wa mtu aliyekataliwa kazi nzuri.

*

Uongo wa kwanza ulikuja bila hata kuitwa. Mama mkwe alisimama mlangoni na fagio. "Binti, kufagia je? Hiyo si kazi nzito."

"Daktari amekataza kuinama, Mama."

Hakukataza. Lakini angeulizwa, pengine angekataza, nani ajuaye? Mama mkwe akafagia. Fundi akanyoosha miguu juu ya kochi la mteja na akasikia ladha tamu isiyo na jina.

Kwa kweli tusimlaumu sana, ndiyo kazi yake. Mshona nguo gani asiyejua kumtazama mtu machoni na kumwambia, "Nguo yako tayari, bado vifungo tu," wakati kitambaa bado kimekunjwa vilevile kilivyoletwa? Uso huo wa upole na huruma Fundi alikuwa nao tangu anajifunza kazi. Sasa akaanza kuutumia jikoni.

Kumenya viazi kukakatazwa, eti kunakaza misuli ya tumbo. Redio ya mama mkwe ya alfajiri ikakatazwa, mtoto anashtuka. Mama mkwe naye akakatazwa kuimba akiwa anaosha vyombo, kwa sababu hiyo hiyo. Shangazi yake Sponji alikuja kuwasalimia kwa siku mbili, akawa anaelekea kumaliza wiki ya pili huku akikosoa chumvi. Daktari akakataza wageni wa kulala. Shangazi alifunga mzigo wake kimya, na mlangoni akasema, "Mimi huyo daktari simjui, lakini ananichukia." Ndani ya wiki hiyo hiyo daktari akaamua kwamba paja la kuku ni la mjamzito.

"Huyu daktari," Sponji alimnong'oneza mkewe, "anaongea sana siku hizi."

"Ni mtu mwangalifu."

"Mh. Na ananijua napenda paja."

Mama mkwe alimenya viazi, akafagia, akabeba ndoo, na midomo yake ilitembea bila sauti kwa sababu nyimbo nazo zimezuiwa. Lakini alikuwa mtu wa kuhesabu moyoni. Kliniki ya mwezi wa nane wa mimba ilipofika, akavaa viatu vyake vya heshima.

"Leo nakusindikiza. Nataka na mimi nimsikie huyo daktari kwa masikio yangu."

*

Benchi la kliniki lilikuwa refu na limejaa wajawazito wamekaa bega kwa bega. Nesi alikuwa akiwahoji pale pale mezani, hakuna pazia wala siri.

"Nesi, mwanangu," mama mkwe alianza kwa adabu, "samahani. Hivi viazi nitaendelea kumenya mpaka lini?"

"Viazi gani, Mama?"

"Vile mlivyomkataza huyu."

Nesi akamtazama Fundi. Fundi akatazama bango la chanjo.

"Hatukataziani viazi hapa, Mama."

"Aha. Na kufagia?"

"Kufagia kidogo siyo mbaya."

"Na mimi kuimba?"

Benchi likaanza kutikisika. Mmoja alijifunika uso kwa mtandio, tumbo linamrukaruka.

"Imba tu, Mama," nesi akasema huku anauma midomo.

"Na wageni? Na redio? Na paja la kuku?"

Paja la kuku ndilo lililomaliza. Benchi zima lilipasuka kwa kicheko, mmoja mwenye mimba ya mapacha akaomba asaidiwe kusimama akimbilie chooni. Fundi alitamani sakafu ipasuke ajiingize yeye na tumbo lake. Mama mkwe hakucheka. Akafunga mkoba wake, akamwangalia mkamwana wake kutoka juu hadi chini. "Ahsante," akasema, "nimesikia." Akaondoka zake, viatu vya heshima vinagonga sakafu.

Na hapo ndipo lilipo balaa. Kwa sababu aliondoka kabla Fundi hajaitwa kwenye picha ya pili. Fundi alilala peke yake kwenye kitanda cha kipimo, na daktari akazungusha kile kifaa tumboni, akarudia tena pale pale.

"Halijapanda," akasema. "Limefunika mlango wote. Utajifungua kwa upasuaji, na hatutasubiri uchungu uanze. Tarehe nimeiandika hapo. Usiende mbali. Watu wa damu mnao?"

"Mume wangu amesema wapo."

"Vizuri. Damu ikitoka kabla ya hiyo tarehe, usingoje maumivu. Yanaweza yasije kabisa."

Fundi alitembea kurudi nyumbani polepole, mkono mmoja chini ya tumbo, na kwa mara ya kwanza alikuwa na neno la daktari ambalo asingependa liwe kweli.

*

"Jumamosi tunaondoka," mama mkwe alimwambia hata kabla hajakaa. "Nimeshaongea na jirani mwenye pikapu. Unakuja kuzalia kwangu, kwenye hewa safi, nikuangalie mwenyewe."

Kwake kijijini, alikotoka kuja kuangalia mimba hii, kulikuwa mwendo wa kutwa nzima, na zahanati ya huko ilikuwa na kitanda kimoja na mlinzi.

"Mama, daktari amesema nisisafiri. Kondo halijapanda. Limefunika kote."

"Daktari yupi? Wa viazi?"

"Mama, hili ni la kweli."

"Na yale mengine uliyasema kwa uso gani? Si huo huo?"

Uso ulikuwa huo huo, Fundi hakuwa na mwingine.

Sponji alimfuata chumbani, akakaa pembeni ya kitanda huku akichezea uzi. "Niambie mimi. Hii ya kusafiri ni ya daktari, au ni ya vifungo?"

"Ya daktari."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Wateja wako nao huwa unawaapia."

Hilo lilimchoma Fundi kuliko benchi zima la kliniki. Akageukia ukutani. Sponji alimsikiliza anavyolia, akakuna ndevu, na kwa kuwa hakutaka kugombana na mama wala mke, akatafuta njia ya kifundi. "Nitatandika sponji kwenye pikapu," akasema. "Nene kabisa. Hutasikia hata shimo moja."

"Siendi. Hata utandike mawingu."

"Sawa. Ila kamwambie Mama wewe mwenyewe."

Akaenda, akasimama mlangoni pa jikoni. "Siendi, Mama. Unaweza kunichukia."

Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho. "Nikuchukie, na nani atamlea huyo mtoto? Jumamosi, asubuhi." Akaimba. Aliimba beti zote alizokuwa amezibana kwa miezi, kwa sauti iliyofika mpaka mtaa wa pili.

*

Jumamosi pikapu ilikuja, ikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Dereva, yule jirani mwenyewe, mtu mwembamba anayependa kulalamika, alipakia masanduku, sufuria, jiko, mikeka, na juu yake Sponji akapanga vipande vya sponji kwa ustadi, mpaka ile pikapu ikafanana na kitanda cha harusi. Majirani wakatoka kuangalia.

Fundi alikaa sebuleni na mkoba wake wa hospitali mapajani. Kochi alilokalia lilikuwa limekamilika jana tu, kitambaa rangi ya maziwa, mwenyewe anakuja kulichukua mchana. Sponji alimwomba ahamie kwenye jingine. Alikataa. Ugomvi ukikufikisha hapo, hata kochi unaligombania.

"Mnatoka au mnatoka?" dereva aliita. "Jua hilo linapanda."

"Binti, inuka," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

Fundi akasikia kitu cha uvuguvugu. Hakuna maumivu, hata kidogo, kana kwamba mtu amemwagia chai nyuma yake kwa bahati mbaya. Alingoja kidogo, akidhani mwili unamtania. Uvuguvugu ukazidi. Akainuka.

"Haya," mama mkwe akaanza, mkono kiunoni, "leo tena daktari amekataza ni..."

Fundi aligeuka tu, wote wakaona nyuma ya gauni lake, na wakaona kochi.

Dereva akaacha kulalamika. Fundi aliangalia nyuso zao na akafikiri, sasa hawa nao wataanza kubishana, na mimi nitaisha hapa nimesimama.

"Unaumwa?" mama mkwe akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Siumwi popote, Mama."

Nadhani angesema anaumwa, yule mama angemwambia alale, achemshiwe maji. Lakini hilo la kutoumwa alikuwa amelisikia siku ya kwanza kabisa, kabla ya viazi. Akageuka kama mtu aliyesukumwa.

"Shusha mizigo!" alimpigia dereva kelele. "Shusha!"

"Mama, nimepakia saa nzima..."

"Shusha au nitaishusha na wewe ukiwemo!"

Masanduku yakaruka. Sufuria zikabingirika barabarani, watoto wakazikimbilia. Jiko alilitupa mwenyewe kwa mikono miwili. Waliacha sponji tu, Sponji akambeba mkewe akamlaza juu yake kwa ubavu, na mama mkwe akapanda nyuma, akampakata kichwa.

"Polepole nisimtikise?" dereva akauliza.

"Kimbia! Sponji za mwanangu ni za kazi gani?"

*

Mlangoni pa hospitali mama mkwe alianza kuongea kabla gari halijasimama. "Kondo liko chini, limefunika mlango wote, ana damu, haumwi, msimwingize vidole!"

"Tunajua, Mama," nesi akasema akivuta kitanda cha magurudumu.

"Najua mnajua. Nawakumbusha."

Mambo yakaenda mbio. Sindano mkono huu, sindano mkono ule, mtu anasikiliza mapigo ya mtoto, mtu anakata gauni ambalo Fundi alilishona mwenyewe na lilikuwa na mshono mzuri. Mapigo yapo, wakasema. Chumba cha upasuaji kinaandaliwa. Wakamsogeza kwenye korido, karibu na dirisha la maabara, na hapo ndipo baridi ikamwanza kutoka vidoleni. Aliogopa. Hakuogopa kwa maneno, aliogopa kwa meno, yalikuwa yanagongana yenyewe.

"Damu ya kundi lake tuna chupa moja tu," sauti ya maabara ikasema. "Wale watu wenu wako wapi?"

Macho yakamwendea Sponji.

"Wewe," mama mkwe akamwambia mwanawe. "Wale watu wa damu."

"Wapo," akasema Sponji.

"Wapo wapi?"

"Nilikuwa... nilikuwa sijawaambia bado. Nilitaka niwaambie wiki hii."

"Kumbe nao ni wa vifungo!" Fundi alisema kutoka kitandani, meno yanagongana. Ilikuwa sauti kama ya panya, lakini Sponji aliisikia, na machozi yakamtoka hadharani.

Mama mkwe hakupoteza muda kumsuta. Alikunja mkono wa gauni, akauingiza dirishani. "Chukua yangu."

"Mama una miaka mingapi?"

Huyu ni mama ambaye kila kwenye foleni alijizidishia umri ili apishwe mbele. "Arobaini na tano," akasema.

Kijana wa maabara akachungulia, akamwona Sponji na mvi zake za kidevuni. "Na huyu?"

"Huyu kaka yangu."

"Mama, nenda ukakae."

Hakukaa. Alitoka nje, na baada ya muda mfupi akarudi amemshika dereva ukosi wa shati.

"Mimi nimekuja kuegesha tu," dereva alikuwa anajitetea. "Mimi damu nikiiona nadondoka!"

"Dondoka ukiwa umeshatoa."

Damu ya Sponji haikuoana, wakaichukua hivyo hivyo kuziba pengo la mgonjwa mwingine. Ya dereva ikaoana kabisa. Alipelekwa kitandani amefumba macho, akiuliza kila mara, "Imejaa? Imejaa?" Fundi alisukumwa kupita mbele yake kuelekea kwenye mlango mpana. Mama mkwe alitembea pembeni, ameshika upau wa kitanda, mpaka walipomzuia.

"Mama," Fundi akamwambia. "Nisamehe viazi."

"Nyamaza. Ingia huko utoke na mtoto."

*

Alitoka na mtoto, wa kike, mdogo, mwenye hasira. Chupa ya kwanza iliingia yote, na ya dereva ikaingia nusu. Dereva alikuwa ameshatangaza wodi nzima kwamba sasa wao ni ndugu wa damu na nauli ya siku ile hataitaja, ingawa aliitaja mara kadhaa ili kila mtu ajue haitaji. Kochi la rangi ya maziwa lilibidi livuliwe kitambaa lote. Sponji alimwambia mwenye kochi bado miguu tu.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alipita asubuhi, akakagua mshono, akasema yake, akaenda. Mama mkwe alikuwa ametoka kuchukua maji ya moto. Aliporudi, akaweka chupa chini, akakaa pembeni ya kitanda, akamtazama mkamwana wake kwa muda.

"Haya. Amesemaje?"

Sponji, aliyekuwa amembeba mtoto kama kioo, naye akageuka. Fundi aliona kila kitu mbele yake, wazi kabisa: redio, shangazi, mapaja ya kuku ya mwaka mzima. Mdomo ulimwasha.

"Nisibebe kitu kizito kuliko mtoto mpaka mshono upone," akasema. "Nipumzike. Nikiona homa au kidonda kinatoa usaha, nirudi."

"Na nini?"

"Basi."

"Basi?"

"Hayo tu, Mama. Nimekwambia yote, sijaongeza hata neno."

Mama mkwe alimtazama kwa jicho jembamba. Akamtazama mtoto. Akatazama mkono wa Fundi, mahali mrija wa damu ulipokuwa umechomekwa.

"Mtu amepasuliwa tumbo, ametiwa damu ya dereva, halafu akatazwe kubeba tu? Hapana. Haiwezekani."

"Mama, haki ya Mungu."

"Unanificha. Unaniogopa, unataka ukajitie jikoni uonekane hodari." Akasimama, akavuta mtandio wake. "Huyo daktari ameelekea wapi?"

"Mama, mwache..."

Lakini alishatoka. Walimsikia koridoni, viatu vinagonga, sauti inapaa juu ya kelele zote za wodi: "Daktari! Wewe baba, simama! Kufagia hujasema! Na viazi je?"

Sponji akaanza kutikisika mabega, mtoto mikononi. Fundi akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akafumba macho, akauma shuka. Kucheka kulikuwa kunauma vibaya mno, na hakuna aliyemkataza.